Mkate wa Udongo

Lụa ndiye aliyelileta lile gazeti, tena hakulishika mkononi kama watu wanavyoshika gazeti. Alilificha chini ya machungwa, ndani ya kapu la zawadi za mwaka mpya, akapita nalo sebuleni mpaka uani kwa mama yake. Wakazungumza huko kidogo, ndipo akaja jikoni. Thoa, mke wa mdogo wake, alikuwa amechuchumaa penye bomba akiosha vyombo vya mwisho vya mwaka.

"Wifi, hii ni nini?"

Thoa akanyanyua macho. Lilikuwa toleo la Tet, sikukuu ya mwaka mpya, la gazeti la mkoa, lenye tawi la maua ya pichi kwenye jalada, nalo limekunjwa penye hadithi yake. Jina lake lilikuwa hapo juu kwa herufi nene. Akafuta mikono kwenye suruali na, maskini, kwa muda mfupi alidhani wifi yake amekuja kumpongeza.

"Umeisoma?"

"Nimesoma mpaka penye udongo, nikashindwa kuendelea. Thoa, hivi umefanya nini? Umemvua mama yangu nguo barabarani, watu wapite wamtazame."

"Sikutaja jina, wifi. Hata mtaa nimeubadilisha."

"Ukaacha uzi mwekundu!"

Mtaa mzima hufunga mikate ya Tet, ya mchele wa kunata na nyama ndani ya majani, kwa kamba za mwanzi. Ni Bibi Nhiên peke yake, mama mkwe wake, anayeifunga kwa uzi mwekundu, tangu mwaka ule aliokosa hata kamba akafumua sweta lake. Mtu wa mtaani akisoma habari za mwanamke anayefunga mkate kwa uzi wa sweta, hana haja ya kuuliza ni nani huyo. Na msidhani Thoa aliusahau. Aliufuta mara moja alipokuwa akiandika, akaurudisha, kwa sababu bila ule uzi hadithi ilipoa.

"Mama anajua?" aliuliza.

"Nimetoka kumwambia. Ulitaka aambiwe na Bibi Sen wa jirani, kwenye chai, mbele za watu?"

Mlango wa uani ukafunguliwa. Bibi Nhiên akaingia, mdogo wa mwili, kilemba cha sufu kichwani, macho yake yote mawili yameingia ukungu wa uzee. Thoa akasimama. Hasira za mama mkwe wake alizijua, ameishi nazo tangu alipoolewa. Kwa sahani moja iliyobaki na mafuta angeweza kusemwa kuanzia asubuhi mpaka taa zinawashwa. Akajikaza, akasubiri.

Bibi Nhiên akasogea karibu, akavipapasa vile vyombo vilivyopangwa.

"Asante kwa kuosha vyombo, Thoa," alisema, akapita zake.

Tangu aingie nyumba ile, Thoa hajawahi kushukuriwa kwa vyombo.

*

Jambo lenyewe Thoa aliambiwa na mama mkwe wake mwaka uliopita, siku kama hizo za kufunga mikate, wawili peke yao wamekaa mkekani wakifuta majani. Zamani, miaka ile ya kadi za mgawo, mume wa Bibi Nhiên akiwa jeshini huko mpakani, Tet ilimkuta hana mchele wa kunata, hana choroko, hana hata kipande cha nyama. Mgawo wake wote alikuwa ameubadilisha kwa maziwa ya kopo, maana mtoto wake mchanga alikuwa hashibi kwa ziwa. Na ndugu wa mume walikuwa njiani kuja kuwasha udi. Afanyeje? Akachimba udongo kando ya bwawa, akaukanda, akaukata mraba, akaufunga kwa majani mabichi na uzi wa sweta, akauweka juu ya meza ya wazee waliotangulia, mbele ya picha zao. Wageni wakaja, wakaona mkate wa kijani umekaa vizuri, wakainama, wakaondoka. Yaani wafu wa watu aliwaandalia udongo wale.

"Usije ukamwambia mtu," alisema siku ile. Lakini alisema huku akicheka, Thoa naye akacheka, na kicheko hicho ndicho kilichomponza.

Thoa si mwandishi wa kukaa ofisini na feni inazunguka. Anashona kola kiwandani, kola baada ya kola, na hadithi zake huziandika Jumapili, kwenye meza ndogo ya dirishani. Hadithi hii ilimtesa. Mwanzo alikuwa nao, kati alikuwa nayo, mwisho ukagoma. Aliutafuta njiani, akautafuta kwenye cherehani mpaka akajidunga sindano. Ukamjia siku alipouacha. Aliumwa mgongo, akapewa ruhusa, akakaa uani kama mgonjwa, akimtazama mama mkwe wake akifunga mikate midogo ya kumbukumbu ya marehemu mumewe. Hakuwa anawaza lolote. Alikuwa anatazama tu vile vidole vya kizee vinavyonyoosha pembe za jani, vinarudia, vinanyoosha tena, na mwisho wa hadithi ukaja wenyewe, mzima. Siku ile alisema moyoni kwamba amebahatika. Hakufikiri kwamba kuna mtu wa kumshukuru.

Gazeti likaipokea, likalipa, na malipo yale ndiyo yaliyonunua nyama ya nguruwe ya mikate ya mwaka huu, nyama nzuri yenye mafuta kiasi chake. Bibi Nhiên aliibeba mwenyewe kutoka sokoni, hakukubali kusaidiwa. Kila aliyekutana naye alimwonyesha.

"Mnaiona? Hii imeandikwa na mkamwana wangu. Nyie wenu wanaandika nini?"

Hakujua imeandikwa kutokana na nini. Aliambiwa tu kwamba ni hadithi, imetoka, watu wameipenda.

*

Kwao mwaka ukifunguka, siku tatu za mwanzo ufagio hufichwa, maana ukifagia unafagia na heri iliyoingia. Hakuna kuvunja chombo, hakuna kulia, hakuna kugomba. Neno baya likisemwa siku hizo litakaa ndani ya nyumba mwaka mzima. Watu huvaa nguo mpya, hula, hutembeleana, hupumzika. Thoa huzingojea siku hizi kama mtu anavyongojea kuvua viatu vinavyobana. Kiwanda kimezimwa, hakuna king'ora, mikono inalala.

Na asubuhi ya kwanza kuna kufungua kalamu. Kila anayeandika, hata mtoto wa shule, hukaa akaandika mistari michache ya kwanza ya mwaka, ili kalamu yake isiwe nzito. Kila mwaka Bibi Nhiên humtengenezea Thoa meza. Hufuta vumbi, huweka karatasi nyekundu, kalamu mpya na kikombe cha chai, halafu husimama mlangoni akimfokea kwa sauti ya chini, kwa kuwa ni Tet: "Haya kaa basi, chai inapoa, utaandika lini, jioni?"

Asubuhi hiyo Thoa alitoka chumbani akakuta mezani kwake pamewekwa kapu la machungwa.

Alilitazama. Angeweza kuliondoa, lakini alijua mikono iliyoliweka. Akaenda sebuleni, akakunja mikono yake miwili kifuani kwa heshima.

"Mama, heri ya mwaka mpya. Uishi miaka mia moja."

"Asante, mwanangu. Nawe uwe na afya. Karibu chai."

"Karibu chai," jamani! Mtu aliyezoea kuambiwa "we Thoa, chai hiyo, au mpaka niimimine mwenyewe?" leo anakaribishwa kama mke wa mwenyekiti wa mtaa. Khoan, mumewe, fundi wa pikipiki, mtu wa maneno machache, alimtazama mkewe, akamtazama mama yake, akaangusha macho kwenye bakuli lake.

Wageni wakaanza kuingia. Bibi Sen wa jirani ndiye aliyekuja na kelele zake na koti jipya la zambarau.

"Thoa, hongera! Mtaa mzima unakusema! Kumbe tunakaa na mtu mkubwa hapa, sisi tunadhani fundi kola tu." Akajitupa kitini, akamgeukia mwenye nyumba. "Haya Nhiên, kata mkate tuonje. Lakini ngoja niulize kwanza, maana meno yangu haya ni machache. Mwaka huu umetia nini ndani?"

Watu wakacheka. Siku ya Tet mtu akitania unacheka, upende usipende. Bibi Nhiên naye akacheka.

"Mwaka huu nyama, Sen. Usiogope. Nyama ya kuandikwa."

Akafungua majani. Akachukua ule uzi mwekundu, akautandaza juu ya mkate, akaushika huku na huku, akauvuta mpaka ukakata, kama anavyofanya kila mwaka. Ila mwaka huu vipande vikatoka vya kombokombo. Akagawa. Kila mtu alipata, sahani yake mwenyewe ikabaki tupu.

"Wewe huli?" Bibi Sen aliuliza.

"Tumbo, mwenzangu."

Thoa alikuwa na tonge mdomoni. Nyama ilikuwa laini, imelainika kwa kuchemshwa kutwa nzima. Alijua hakuna tumbo. Mama huyu asingeweza kula nyama iliyonunuliwa kwa aibu yake, basi. Akameza kwa chai, akaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Wageni walipopungua alimfuata jikoni.

"Mama, naomba uni..."

"Leo hatuombani vitu, mwanangu," Bibi Nhiên alimkatiza, taratibu kabisa. "Ni siku ya kwanza. Asante kwa kuwahudumia wageni."

Akamwacha pale amesimama na sinia la sahani.

Mchana ule Thoa alipumzika, kama ni kupumzika kule. Hakuna cha kufua, hakuna cha kufagia, maganda ya mbegu za tikiti yamezagaa chini na hayaguswi. Alikaa karibu na meza yake, machungwa yakimtazama. Alikuwa akiamini kwamba hadithi zake zinatoka kichwani mwake, kwa jasho lake la Jumapili. Sasa akaanza kuziangalia moja moja. Ile ya mwanamke wa mizani ilikuwa ya shangazi yake. Ile ya harusi ya mvua ilikuwa ya rafiki yake wa kiwandani, ambaye siku hizi hakai naye meza moja ya chakula, na Thoa hakuwahi kujiuliza kwa nini. Amekula kwa watu miaka yote hii, akaondoka bila hata kusema asante, na mtu pekee anayesema asante nyumbani humu ni yule aliyeibiwa. Akatamani kulia. Lakini siku ile hairuhusiwi, akaenda kuongeza maji ya moto kwenye chupa.

*

Siku ya pili ni ya upande wa mke. Khoan alimpakia kwenye pikipiki waende kwa wazazi wake, ng'ambo ya mto. Manyunyu yalikuwa yale ya majira yale, yasiyolowesha wala kukauka. Karibu na daraja yakazidi, wakajibanza chini ya paa la kibanda kilichofungwa.

"Khoan, umeisoma?"

"Sijaisoma."

"Kwa nini?"

"Nikiisoma nitakuwa na upande." Akafuta kioo cha pikipiki kwa kiganja. "Nyumba yenyewe ni hiyo moja. Upande nitaupeleka wapi?"

"Mama atanifukuza?"

"Akufukuze? Nani atamtia dawa ya macho?"

"Sitanii, mwenzio."

"Nami sitanii." Khoan akakung'uta maji begani, akasema, "Nilipokuwa mdogo nilivunja redio ya baba. Mama alinichapa na kunisema wiki nzima. Lakini siku dada Lụa alipotaka kuolewa na yule wa kwanza, ambaye mama hakumtaka, mama hakugomba. Alimwambia asante kwa taarifa. Dada hakurudi nyumbani mpaka ndoa ikavunjika. Mama akigomba, uko ndani. Mimi hiyo asante ndiyo inayonitisha."

"Basi nifanye nini?"

"Ningejua ningekuwa nimeshafanya."

Thoa akaegemea ukuta wa bati. Alichokitaka wakati ule hakikuwa kitu kikubwa. Hakutaka kusifiwa, wala gazeti, wala hadithi nyingine. Alitaka arudi nyumbani aambiwe amechelewa, ameleta matope, na hana akili. Na kama bei yake ni kuacha kuandika, alikuwa tayari kuilipa, japo aliposema hivyo moyoni alihisi kama mtu aliyeambiwa aache kutumia mkono mmoja.

"Nitaacha," alimwambia mumewe. "Nitamwambia naacha kuandika."

Khoan akafuta maji kitini. Akawasha pikipiki.

*

Siku ya tatu, sikukuu ikiisha, wazee husindikizwa. Wamekuja kula sikukuu na watoto wao, sasa wanarudi kwao, na hawarudi mikono mitupu. Pesa za karatasi na dhahabu za karatasi huchomwa uani, maana kinachochomwa kwa mkono wa mtu wa nyumba ndicho kinachowafikia. Miwa miwili mirefu husimamishwa pembeni, iwe mipiko yao ya kubebea mizigo.

Lụa alikuwa amerudi kutoka kwa wakwe zake. Alimwinamia mama yake, akawasha udi, halafu akamvuta Thoa kando ya tangi la maji.

"Leo utaomba radhi. Mbele ya picha ya baba. Na useme umeacha huo mchezo."

"Nimeshaamua hivyo, wifi."

Lụa alikuwa amejiandaa kugombana. Akatengeneza ukosi wa koti lake.

Khoan alileta beseni kuukuu la chuma. Bibi Nhiên akakaa kwenye kigoda, akaanza kutia karatasi motoni, moja moja, akitaja majina ya wakwe zake waliokufa, akimalizia na la mumewe. Zilipokaribia kwisha akasimamisha mkono.

"Lụa. Lile gazeti lako liko wapi?"

Lụa akalitoa kwenye mkoba. Thoa akaona moshi umemwingia machoni, au alitaka wengine waone hivyo. Alijua kinachokuja. Akapiga magoti hapo hapo juu ya matofali yenye maji.

"Mama, siku tatu zimekwisha, nakuomba sasa. Nimekosa. Uliniambia nisiseme, nami nikaenda kusema kwa mkoa mzima. Nikataka kukulisha na nyama yake. Sitaandika tena, Mama. Lichome."

"Nani kakwambia unyanyuke kitandani leo useme mengi hivyo?" Bibi Nhiên alisema. Hakusema kwa ukali. "Mimi macho yangu hayasomi. Lụa kaniambia umeandika udongo. Mwisho wake nini?"

Wakatazamana. Lụa akasema, "Mama, mimi sikufika mwisho. Sikuweza."

"Khoan?"

"Sikusoma, Mama."

"Nyumba ya watu wazima hii, hakuna aliyemaliza ukurasa mmoja. Thoa, soma. Toka penye udongo."

Thoa akalipokea. Sauti ilikataa mara ya kwanza, akakohoa, akasoma. Akasoma yule mwanamke anavyokanda udongo usiku mtoto akilia. Akasoma uzi wa sweta, wageni wanavyoinama, mlango unavyofungwa. Lụa aligeuza uso. Kisha akafika pale ambapo wazee wanashuka kutoka kwenye picha zao, wamechoka kwa safari, wanakaa kula. Mmoja anafungua majani, anaona udongo, anataka kukasirika. Mkubwa wao anamshika mkono. Anamwambia: tazama pembe zilivyonyooka. Huyu binti hana kitu, na bado ametuandalia meza. Mwache, tule harufu ya majani, yatosha. Na nyama yangu mwakani mpeni mtoto. Wakala harufu ya majani, wakashiba, wakaondoka polepole wasimwamshe.

Hadithi ilikuwa imekwisha. Moto ulikuwa umepungua, Khoan hakuuchochea.

"Nani alikwambia walisema hivyo?" Bibi Nhiên aliuliza.

"Hakuna, Mama. Niliandika tu."

"Hukuota?"

"Hapana. Ilikuwa mchana. Nilikuwa nakutazama mikono."

Kilemba kilikuwa kimemshuka Bibi Nhiên kwenye paji la uso, hakukipandisha.

"Yule mtoto alikufa," alisema. "Lụa, mdogo wako aliyekuja kabla ya Khoan. Maua ya pichi yalikuwa hayajaisha kuanguka. Homa. Wakaniambia homa, nikasema ndiyo, homa. Lakini mimi nilijua ni wao. Nimewalisha udongo, nao wakamchukua wa kwangu. Baba yenu aliporudi nikamwambia homa. Mpaka anakufa anajua homa." Akajifuta pua kwa mkono wa koti. "Kila mwaka nawafungia mikate mizuri, nawatilia nyama, nanyoosha pembe. Kila mwaka nauliza, mmeshiba? Mmeniachia? Hawajibu."

Lụa alianza kulia. Hakuna aliyemkataza. Thoa alibaki na gazeti mkononi, akielewa sasa kwamba kile kicheko cha mkekani hakikuwa kicheko, na kwamba yeye, mwandishi, hakukisikia.

"Mama, hilo sikulijua. Naapa sikujua la mtoto..."

"Ungejuaje? Hukuuliza. Ungeniuliza, Thoa."

"Ungekataa."

"Ningekataa! Ndiyo kazi ya kuuliza." Kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Akavuta pumzi. "Rudia pale. Pale anapomshika mkono mwenzake."

Thoa akarudia. Bibi Nhiên alisikiliza ameinamisha kichwa, midomo ikifuata maneno. Akataka tena. Akasomewa tena.

"Haya. Toa ukurasa huo, ukunje, tia motoni. Wewe, kwa mkono wako."

"Mama," Lụa alisema, "si amekuomba radhi..."

"We Lụa, nyamazia usilolijua. Wao hawajaisoma! Wapelekewe waisome, waone wamesemewa nini. Kama ni uongo watakuja kuniambia, nipo, siendi popote. Na baba yenu alipenda gazeti. Asome. Ajue kilichompata mtoto wake, ajue nilichofanya, na hilo jingine la mwisho, alisome pia."

Thoa akautoa ukurasa kwa uangalifu, akaukunja mara mbili, akauweka juu ya makaa. Ukafuka moshi pembezoni, ukajikunja, jina lake likawa la kwanza kushika moto. Bibi Nhiên akachukua kikombe cha pombe ya mchele, akakipapasia njia, akaimwaga juu ya majivu, kama inavyomwagwa ili kilichotumwa kisipotee njiani. Majivu yakalia chss. Akabaki amekaa hapo mikono magotini, akipumua kwa kinywa kama aliyepanda ngazi. Khoan alimsogelea kumwinua. Mama yake akamsukuma mkono.

"Nina miguu."

Akanyanyuka mwenyewe, akageukia uliko mlango wa nyumba, na hapo ndipo kugomba kulipoanza.

"Na nyie mnangoja nini? Siku tatu zimekwisha, maganda yamejaa nyumba nzima kama kwa nyani, ufagio uko wapi? Thoa! Unapiga magoti kwenye maji na suruali mpya, nani atakununulia nyingine, gazeti? Mtu mzima hovyo! Eti siandiki tena. Nilikwambia usiandike mimi? Nilikwambia uulize! Masikio unayapeleka wapi? Na mkate umebaki kipande jikoni, hakuna hata mmoja aliyefikiri kuniletea, tangu sikukuu ianze sijaonja, mnataka nife na njaa kwenye nyama niliyoibeba mwenyewe?"

"Nakuletea, Mama," Thoa alisema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Alikuwa ameshaupata ufagio nyuma ya mlango, akafagia sebule bila kuona anachofagia, na ile sauti ikamfuata chumba hadi chumba, haimwachi hata pa kupumulia, mpaka ikafika dirishani.

"Na machungwa haya? Nani kaweka machungwa mezani kwako? Yatoe, yataoza, na wewe una kazi."